Max Born: Mwanafizikia aliyesubiri miaka 28 kutambuliwa

Na Mwandishi Wetu

JUNI 25, 1926, jarida la fizikia la Ujerumani, Zeitschrift für Physik, lilipokea makala ya kurasa chache kutoka Chuo Kikuu cha Göttingen. Ilihusu jambo linaloonekana dogo, nalo ni kile kinachotokea elektroni inaporushwa na kuigonga atomu.

Mwandishi wake, Profesa Max Born, alikuwa na umri wa miaka 43. Makala ilipokuwa imekwisha kupangwa kwa ajili ya kuchapwa na yeye akiisahihisha kwa mara ya mwisho, aliongeza tanbihi ya sentensi moja chini ya ukurasa.

Tanbihi hiyo ndiyo iliyobeba kanuni ambayo hadi leo wanafizikia huitumia kila wanapokokotoa matokeo ya mgongano wa chembe za atomu. Ndiyo pia iliyoingiza suala la bahati katika misingi ya sayansi iliyokuwa ikijivunia uhakika.

Hata hivyo, aliyeiandika hakuvuna matunda yake mapema. Alinyang'anywa kazi, akaikimbia nchi yake, akawashuhudia vijana waliopitia mikononi mwake wakitangulia kupokea Tuzo ya Nobel, na yeye akaitwa kuipokea baada ya miaka 28, akiwa mzee aliyekwisha kustaafu.

Max Born ni nani?

Born alizaliwa Desemba 11, 1882 katika mji wa Breslau, ambao wakati huo ulikuwa sehemu ya Ujerumani. Leo mji huo uko Poland na unaitwa Wrocław. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi, yenye elimu na uwezo wa kifedha.

Baba yake, Gustav Born, alikuwa profesa wa anatomia aliyetafiti ukuaji wa viinitete. Mama yake, Margarethe, alitoka katika ukoo wa Kauffmann uliokuwa ukimiliki viwanda vya nguo.

Utoto wake haukuwa mwepesi. Mama alifariki dunia Agosti 1886, mtoto huyo akiwa hajatimiza umri wa miaka minne. Mwaka 1900, kabla hajamaliza masomo ya sekondari, baba naye akafariki.

Mwaka 1901 alijiunga na Chuo Kikuu cha Breslau, na baadaye akapitia vyuo vya Heidelberg na Zurich. Akiwa Breslau alifundishwa na mwanahisabati Jakob Rosanes somo la matriksi, yaani namba zilizopangwa kwa safu za kulala na za kusimama, pamoja na taratibu za kuzijumlisha na kuzizidisha.

Siku hizo wanafizikia wachache sana waliliona somo hilo kuwa na faida yoyote kwao. Born hakujua kwamba lingekuja kumfaa zaidi ya miaka 20 baadaye.

Mwaka 1904 alihamia Göttingen, mji mdogo uliokuwa makao makuu ya hisabati duniani. Huko alikutana na magwiji watatu, David Hilbert, Felix Klein na Hermann Minkowski. Hilbert alimteua kuwa msaidizi wake, na mwaka 1906 kijana huyo akatunukiwa shahada ya udaktari.

Mwaka 1907 alikwenda Cambridge, Uingereza, alikohudhuria mihadhara ya J. J. Thomson, mgunduzi wa elektroni. Aliporejea Ujerumani aliitwa na Minkowski kufanya naye kazi ya nadharia ya uhusianifu, lakini mwalimu huyo alifariki ghafla Januari 1909.

Agosti 1913 Born alimuoa Hedwig Ehrenberg, binti wa profesa wa sheria, na wakajaliwa watoto watatu, Irene, Gritli na Gustav. Mwaka 1914 alibatizwa na kuwa Mkristo wa Kilutheri. Kama itakavyoonekana, ubatizo huo haukumkinga baadaye dhidi ya sheria za kibaguzi.

Mwaka 1915 alihamia Berlin kumsaidia Max Planck kufundisha. Huko ndiko ulikoota mizizi urafiki wake na Albert Einstein. Wawili hao walikutana mara kwa mara kupiga muziki, Einstein akishika fidla na Born akiketi kwenye piano, na kwa takriban miaka 40 hawakuacha kuandikiana barua.

Göttingen, kitalu cha vipaji

Baada ya kufundisha Frankfurt kuanzia mwaka 1919, Born alirejea Göttingen mwaka 1921 kuongoza taasisi ya fizikia ya nadharia. Aliweka sharti kwamba rafiki yake, James Franck, naye apewe nafasi ya kuongoza fizikia ya majaribio.

Uteuzi huo wa watu wawili uliubadilisha mji. Franck alikuwa bingwa wa kurusha elektroni kwenye atomu na kupima zinavyopoteza nishati yake, kazi iliyompatia Nobel ya mwaka 1925 pamoja na Gustav Hertz. Born kwa upande wake alikuwa hodari wa hisabati, mwenye subira na asiye na makuu.

Vijana walimiminika kutoka kila upande. Wolfgang Pauli na Werner Heisenberg walikuwa wasaidizi wake. Enrico Fermi alikuja kutoka Italia kwa miezi kadhaa. Pascual Jordan, Maria Goeppert, Max Delbrück, Victor Weisskopf na Mmarekani Robert Oppenheimer wote walisomea udaktari wao hapo.

Kwa kipimo chochote, mwalimu mwenye wanafunzi wa namna hiyo hana budi kuhesabiwa miongoni mwa walezi wakubwa wa sayansi ya karne ya 20.

Namba zinazokataa kubadilishana nafasi

Julai 1925, Heisenberg, akiwa na umri wa miaka 23, alimkabidhi Born makala aliyoiandika na kumwomba aamue kama inafaa kuchapishwa. Ndani yake mlikuwa na njia ngeni ya kuhesabu mienendo ya elektroni ndani ya atomu.

Heisenberg mwenyewe alitatizwa na jambo moja. Shuleni watoto hufundishwa kwamba 3 mara 5 ni sawa na 5 mara 3. Katika hesabu zake, kubadilisha mpangilio wa kuzidisha kulibadilisha jibu.

Born aliipeleka makala hiyo ikachapishwa, lakini akili yake haikutulia. Baada ya siku kadhaa za kutafakari alikumbuka masomo ya Rosanes kule Breslau. Namba za msaidizi wake zilikuwa ni matriksi, ingawa kijana huyo hakuwahi kusikia habari zake.

Akishirikiana na Jordan, Born aliijenga hoja hiyo upya kwa hisabati kamili. Wakaonyesha kwamba nafasi ya chembe, inayowakilishwa na herufi q, na kani yake ya mwendo, inayowakilishwa na herufi p, zikizidishwa kwa mpangilio mmoja kisha kwa mwingine, tofauti ya majibu hayo ni kiasi maalumu kinachotokana na namba ya Planck.

Makala ya Born na Jordan ilifika kwa mhariri Septemba 1925. Novemba mwaka huo ikafuatwa na nyingine, iliyoandikwa na wote watatu. Hapo ndipo fizikia ya kwanta ilipopata umbo lake la kwanza lililokamilika.

Mgongano ulioleta kanuni

Mwanzoni mwa mwaka 1926, Erwin Schrödinger, raia wa Austria aliyekuwa akifundisha Zurich, alikuja na njia tofauti. Kwake elektroni ilielezwa kwa mlingano wa wimbi, na majibu yake yalilingana na yale ya Göttingen.

Swali likabaki, hilo wimbi ni kitu gani? Schrödinger alidhani kwamba elektroni yenyewe imetandazwa angani kama mawingu.

Born hakuridhika na jibu hilo, na sababu ilikuwa jirani yake. Katika maabara ya Franck, elektroni zilirushwa na kuhesabiwa moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa nzima. Hakuna aliyewahi kukamata nusu ya elektroni.

Akaamua kulichunguza tatizo la mgongano. Njia hiyo haikuwa ngeni kwa wanasayansi. Mwaka 1911 Ernest Rutherford alitumia matokeo ya majaribio ya wasaidizi wake mjini Manchester, waliorusha chembe za alfa kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu. Kwa kuangalia chembe hizo zilivyotawanyika, alitambua kwamba atomu ina kiini kidogo mno katikati yake.

Ni sawa na mtu aliye gizani, anayerusha mipira kuelekea kitu asichokiona. Akijua mipira inarudi kwa pembe gani na kwa wingi gani, anaweza kukisia umbo la kitu hicho.

Born alichukua mlingano wa Schrödinger na kuutumia katika hali hiyo. Wimbi linakuja moja kwa moja, linaikuta atomu njiani, kisha linatawanyika kila upande kama viwimbi vya maji vinavyolizunguka jiwe lililosimama bwawani.

Katika kila uelekeo, wimbi hilo lililotawanyika lina nguvu yake, inayoelezwa kwa namba. Namba hiyo ndiyo inayoitwa amplitudo ya mtawanyiko.

Kwa kuwa elektroni haigawanyiki, Born alihitimisha kwamba wimbi halionyeshi elektroni imekwenda wapi. Linaonyesha tu uwezekano wa kuikuta katika uelekeo huu au ule. Kuhusu elektroni moja mahususi, nadharia haina la kusema zaidi ya hapo.

Katika maandishi ya kwanza aliandika kwamba uwezekano huo unapimwa na amplitudo yenyewe. Wakati wa kusahihisha ndipo alipong'amua kuwa haitoshi, akaongeza tanbihi kwamba uwezekano unalingana na kipeo cha pili cha amplitudo, yaani namba hiyo ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe. Mwezi uliofuata alituma makala ndefu zaidi yenye maelezo kamili.

Amplitudo inavyofanya kazi

Msomaji anaweza kujiuliza, kuna tofauti gani kati ya amplitudo na kipeo chake cha pili hata jambo hilo listahili tuzo? Mfano mdogo wa hesabu unatosha kuonyesha.

Tuseme elektroni inaweza kufika mahali fulani kwa njia mbili, na kila njia ina amplitudo ya 0.3. Njia moja ikiwa peke yake, uwezekano ni 0.3 mara 0.3, yaani 0.09, au asilimia 9.

Kwa akili ya kawaida, njia zote mbili zikiwa wazi uwezekano ungekuwa asilimia 18. Lakini kanuni ya Born inataka amplitudo zijumlishwe kwanza. Jumla ni 0.6, na kipeo chake cha pili ni 0.36, yaani asilimia 36.

Si hivyo tu. Amplitudo inaweza kuwa namba hasi. Njia ya kwanza ikiwa na 0.3 na ya pili ikiwa na hasi 0.3, jumla ni sifuri. Elektroni ambayo ingeweza kufika kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, sasa haifiki kabisa, kwa sababu tu njia zote ziko wazi.

Mambo hayo yanaonekana kama mazingaombwe, lakini maabara zimeyathibitisha mara nyingi. Aidha, kwa kuwa uwezekano hauwezi kuwa hasi, amplitudo peke yake isingefaa kuupima. Ndiyo maana sentensi ile moja ya chini ya ukurasa ilikuwa na uzito mkubwa.

Katika kazi hiyo hiyo Born alitoa pia njia ya kukadiria amplitudo pale hesabu kamili inaposhindikana. Mkokotoaji huanza kwa kuchukulia kwamba chembe imepinda njia mara moja tu ndani ya atomu, kisha akitaka usahihi zaidi huongeza mara ya pili, ya tatu na kuendelea.

Njia hiyo inajulikana kama makadirio ya Born. Mwaka huo huo wa 1926, Gregor Wentzel aliitumia na kuipata upya kanuni ya mtawanyiko ya Rutherford, safari hii kutoka katika fizikia mpya.

Ubishi na rafiki

Si wote walioupokea uamuzi huo kwa mikono miwili. Tangu enzi za Isaac Newton, wanasayansi waliamini kwamba anayeijua vyema hali ya leo anaweza kuitabiri ya kesho bila shaka yoyote. Born alikuwa akiwaambia kwamba kwa chembe ndogo jambo hilo haliwezekani.

Einstein alikuwa miongoni mwa waliokataa. Desemba 1926 alimwandikia Born kwamba nadharia hiyo imefanikiwa mengi, lakini nafsi yake haikubali kuwa Mungu anauendesha ulimwengu kwa kurusha dadu. Usemi huo ukaja kuwa mashuhuri, ingawa wengi wanaoutaja hawajui kwamba aliyeandikiwa alikuwa Born.

Hawakukubaliana hadi mwisho wa maisha yao. Urafiki, hata hivyo, haukuvunjika.

Nobel yampita

Novemba 1933 ilitangazwa kuwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1932 imekwenda kwa Heisenberg peke yake, kwa kuanzisha fizikia ya kwanta. Ile ya mwaka 1933 wakagawana Schrödinger na Mwingereza Paul Dirac. Majina ya Born na Jordan hayakuwamo.

Heisenberg mwenyewe hakuona raha. Alimwandikia mwalimu wake akieleza kwamba dhamiri inamsuta kwa kupewa peke yake tuzo ya kazi waliyoifanya watatu.

Barua hiyo haikumkuta Born Göttingen. Ilimkuta Cambridge, akiwa mkimbizi.

Afukuzwa kazini, aikimbia nchi

Aprili 7, 1933, miezi michache baada ya Adolf Hitler kuingia madarakani, serikali yake ilipitisha sheria ya kuwaondoa Wayahudi katika utumishi wa umma. Mwisho wa mwezi huo Born aliliona jina lake gazetini katika orodha ya maprofesa waliosimamishwa kazi. Wenzake katika orodha hiyo ni pamoja na wanahisabati Emmy Noether na Richard Courant.

Franck, ambaye sheria ilimruhusu kubaki kwa kuwa alipigana vita ya kwanza ya dunia, alijiuzulu kwa hiari yake kupinga udhalimu huo. Ndani ya wiki chache, kituo kilichochukua miaka kujengwa kikawa kimesambaratika.

Mwezi Mei Born aliichukua familia yake na kwenda katika kijiji cha Selva, kwenye milima ya kaskazini mwa Italia. Hakuwa na kazi, na alikuwa na umri wa miaka 50.

Waswahili husema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Chuo Kikuu cha Cambridge kilimpa nafasi ya mhadhiri, ingawa ilikuwa ya muda na ya chini ya hadhi aliyokuwa nayo kwao. Akiwa huko aliandika pamoja na Leopold Infeld nadharia mpya ya sumaku-umeme inayojulikana hadi sasa kwa majina yao.

Majira ya baridi ya mwaka 1935 hadi 1936 alikuwa Bangalore, India, kwa mwaliko wa C. V. Raman, mshindi wa Nobel ya mwaka 1930. Raman alitaka abaki, lakini nafasi ya kudumu haikupatikana.

Hatimaye, mwaka 1936, Chuo Kikuu cha Edinburgh huko Scotland kilimpa uprofesa kamili. Alikaa huko hadi alipostaafu mwaka 1953. Uraia wa Uingereza aliupata Agosti 31, 1939, siku moja kabla Ujerumani haijaivamia Poland na kuanzisha vita ya pili ya dunia.

Wanafunzi wake na bomu la atomu

Vita ilipopamba moto, wengi wa waliopitia mikononi mwa Born waliajiriwa kutengeneza bomu la atomu. Oppenheimer ndiye aliyeongoza maabara ya Los Alamos nchini Marekani. Fermi na Weisskopf walikuwamo.

Alikuwamo pia Klaus Fuchs, mkimbizi wa Kijerumani aliyefanya kazi chini ya Born mjini Edinburgh hadi mwaka 1941. Mwaka 1950 Fuchs alihukumiwa kifungo cha miaka 14 nchini Uingereza kwa kuipatia Urusi siri za bomu.

Born mwenyewe hakushiriki katika kazi hiyo. Baada ya Hiroshima na Nagasaki kuteketezwa Agosti 1945, lilimsumbua swali kwamba huenda aliwafundisha vijana wake kuwa werevu bila kuwafundisha kuwa na hekima. Swali hilo likawa chanzo cha kazi aliyoifanya uzeeni.

Nobel baada ya miaka 28

Alipostaafu, pensheni yake ya Uingereza ilikuwa ndogo kwa kuwa alianza kazi huko akiwa mtu mzima. Ujerumani Magharibi ilimrejeshea haki zake za utumishi, na mkewe alitamani nyumbani. Wakaamua kurudi na kuishi Bad Pyrmont, mji mdogo usio mbali na Göttingen.

Einstein hakuupenda uamuzi huo. Alimlaumu rafiki yake kwa kurejea katika nchi iliyowaua ndugu zao kwa mamilioni. Born aliona kwamba Wajerumani wa kizazi kipya wanahitaji kusemeshwa, na kwamba aliye mbali hasikiki.

Mwaka 1954 habari njema ikafika. Born alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, akigawana na Walther Bothe. Kamati ilitaja utafiti wake wa misingi ya fizikia ya kwanta, hususan tafsiri yake ya wimbi kama kipimo cha uwezekano. Ilikuwa ni kanuni ile ya tanbihi ya mwaka 1926.

Kabla yake, walikwisha kuipokea tuzo hiyo Heisenberg, Fermi, Pauli na Otto Stern, ambao wote kwa wakati mmoja au mwingine walifanya kazi naye au chini yake. Maria Goeppert Mayer aliipata mwaka 1963, na Delbrück akapata Nobel ya Tiba mwaka 1969.

Heshima hiyo aliitumia mara moja. Julai 9, 1955 jina lake lilikuwa miongoni mwa 11 yaliyotia saini tamko la Bertrand Russell na Einstein la kuyataka mataifa makubwa yaache kutegemea vita katika enzi ya silaha za nyuklia. Einstein alikuwa amefariki Aprili mwaka huo, muda mfupi baada ya kutia saini yake.

Siku sita baadaye, katika kisiwa cha Mainau nchini Ujerumani, Born na wenzake waliopata Nobel wakatoa tamko lingine la kuonya dhidi ya silaha hizo. Aprili 1957 alikuwa mmoja wa wanasayansi 18 waliopinga hadharani mpango wa kulipatia jeshi la Ujerumani Magharibi silaha za nyuklia.

Urithi wake

Njia ya kukokotoa amplitudo imebadilika sana tangu siku zile. Mwaka 1949 Richard Feynman alichapisha michoro yake inayoonyesha kila namna chembe zinavyoweza kugongana, na kila mchoro una amplitudo yake ya kujumlishwa na nyingine.

Hesabu hizo zinaweza kuwa nzito kupindukia. Mgongano wa chembe mbili za gluoni unaozaa nyingine nne unahitaji michoro 220 hata katika hatua ya kwanza tu. Mwaka 1986, Stephen Parke na Tomasz Taylor wa Marekani waliushangaza ulimwengu wa fizikia walipoonyesha kwamba, kwa baadhi ya migongano ya gluoni, yote hayo yanaweza kuandikwa kwa mstari mmoja. Tangu hapo, kutafuta njia za mkato za namna hiyo kumekuwa tawi kamili la utafiti.

Julai 4, 2012, wanasayansi wa kituo cha CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, walipotangaza kuiona chembe ya Higgs, walifikia hatua hiyo kwa kulinganisha idadi ya matukio yaliyoonekana na ile iliyotabiriwa kwa amplitudo. Katika kila hesabu ya aina hiyo, hatua ya mwisho ni kutafuta kipeo cha pili, kama alivyoelekeza Born. Kwa nini maumbile yanafuata kanuni hiyo na si nyingine ni swali ambalo wasomi bado wanalijadili.

Familia yake nayo imeacha alama. Mwanawe, Gustav, aliyefariki mwaka 2018, alikuwa mtaalamu mashuhuri wa dawa na utafiti wa damu. Mjukuu wake kwa Irene ni Olivia Newton-John, mwanamuziki na nyota wa filamu ya Grease ya mwaka 1978, aliyefariki Agosti 2022. Wengi waliocheza nyimbo zake hawakujua babu yake alikuwa nani.

Max Born alifariki dunia Januari 5, 1970 mjini Göttingen akiwa na umri wa miaka 87. Alizikwa katika makaburi ya mji huo, ule ule uliomfukuza mwaka 1933 na ambao mwaka 1953 ulimpa heshima ya uraia wa mji pamoja na Franck na Courant. Katika makaburi hayo wamelala pia Planck na Hilbert.

Juu ya jiwe la kaburi lake umechongwa mlingano mfupi wa herufi p na q, ule alioupata mwaka 1925 kwa kukumbuka masomo ya Breslau. Ni mlingano wa nadharia ile ile ambayo Nobel ya mwaka 1932 ilimpa heshima yake Heisenberg peke yake.